Kila Sarafu na Nyumba Yake

4 Februari

Mdogo wangu Saa Mbovu,

Pokea salamu zetu, na kama hazitoshi ongeza mwenyewe huko huko. Sisi wazima. Shangazi amebakiwa na sikio moja linalosikia, na hilo analitumia kusikia yasiyomhusu. Mpwa wako muuguzi amepata zamu za asubuhi, kwa hiyo jioni tunamwona tena mezani. Kinyozi wa hapa mtaani bado anauliza utakuja lini kumtengenezea saa yake ya ukutani. Namwambia wewe ni fundi saa usiyejua saa, ndiyo maana baba alikupa jina hilo ungali mdogo.

Msimu wa sare za shule umekwisha. Nimeshona mpaka nikilala naota kola. Vitambaa vilivyobaki vilijaa sebuleni hata pa kukanyaga hapana, nikavihamishia chumbani kwako, juu ya kitanda. Huko ndiko nilikonusa harufu fulani, kama ya pazia jipya la bafuni. Nikaifuata mpaka uvunguni, kwenye kile kisanduku chako cha bati.

Nimekifungua. Usinune, nimechungulia tu. Sarafu zako za kumbukumbu zimo zote kama ulivyoziacha, kila moja kwenye plastiki yake laini iliyotoka nayo kiwandani, na kadi yake nyuma. Lakini plastiki zinatoa jasho. Ukizigusa zinanata. Na ile ya fedha yenye korongo wawili imeota kitu cha kijani pembeni, kama ukungu wa mkate. Mimi siku zote nilidhani plastiki ndiyo inayozilinda! Nifanye nini? Niambie upesi, maana mimi ni mtu wa sindano, mambo ya madini siyajui.

Nimesikia pia ya kazini kwako, binamu ndiye aliyenidokeza. Sikuulizi. Ukitaka kusema utasema.

Na tafadhali usinipigie simu. Kwenye simu tunagombana. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Dada yako.


22 Februari

Dada yangu,

Hujambo na wote hapo nyumbani? Nakuandikia nimesimama, mteja yuko mbele yangu ananikodolea macho utadhani mimi ndiye niliyeivunja saa yake. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Shangazi msalimie kwa sauti ya juu.

Sasa sarafu. Dada, zitoe! Usingoje. Zitoe zote kabla hazijaharibika, na kila moja uitafutie nyumba yake, ikae peke yake. Zishikwe na wenye mikono misafi tu. Jikoni zisikae, wala penye unyevu. Watoto wasizichezee. Maelezo marefu nitakuandikia nikitulia, lakini wewe anza, usinisubiri.

Ya kazini tuyaache kwanza.

Mdogo wako.


9 Machi

Dada,

Salamu tena. Huku mvua imetupa nafasi ya kupumua, wateja wamejifungia kwao, na mzee mwenye duka anasinzia kwenye kiti chake. Hii ndiyo ile barua ndefu niliyokuahidi. Naogopa nilikuandikia kwa haraka mno.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe sawasawa. Ukipata glovu za pamba, vaa. Tandika taulo nene mezani, kwa sababu sarafu ikikuponyoka ikadondokea mbao imeshapata jeraha. Usiisukume kwa kidole itoke. Kata plastiki pembeni kwa mkasi, mbali na sarafu, kisha uifungue kama unavyofumua mshono. Ukiishika, ishike ukingoni, juu na chini usiguse kabisa. Alama ya kidole leo huioni, mwakani imekuwa doa. Na lile la kijani linatokana na plastiki yenyewe, ikizeeka inatema mafuta. Usilisugue, nakusihi! Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno. Sarafu ikisuguliwa inang'aa siku moja, thamani yake inaondoka moja kwa moja. Hilo niachie mimi, lina dawa yake, asetoni safi, siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo imejaa manukato.

Ikishatoka, itie kwenye nyumba yake, yaani kile kikopo cha duara cha plastiki ngumu chenye kifuniko. Sisi wakusanyaji ndivyo tunavyokiita. Ukikosa vikopo huko, tumia kwa muda karatasi nyeupe safi, isiyo na gundi wala maandishi. Usifunge kwa mpira, mpira unaifanya fedha iwe nyeusi. Weka mahali pakavu, na utupie humo vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kadi zake usizitupe, weka kila moja kwenye bahasha yake, maana mkusanyaji huulizia kadi kabla hajaulizia sarafu.

Ile ya korongo niliiagiza nilipopata mshahara wangu wa kwanza, ukanicheka kwamba nimenunua pesa kwa pesa. Cheka tena ukitaka. Lakini miaka yote hii, mtu akiniuliza kwetu ni wapi, ninachokiona kichwani ni kile kisanduku chini ya kitanda changu. Basi, nimesema mengi.

Mdogo wako.


11 Machi

Saa Mbovu wetu mpendwa,

Hujambo, hujambo sana? Huku ni furaha tupu, na yote kwa sababu yako. Barua ndefu bado haijafika, lakini ile fupi ilijitosheleza. Nimezitoa!

Nilipoisoma nilikaa chini. Wewe, mkono wa birika tangu utotoni, uliyekuwa hukubali hata nipanguse vumbi kisanduku, leo unasema zitoe zote? Nikamsomea shangazi, akasema, "Huyu mtoto sasa amekua." Nikatoa machozi kidogo. Nilijivunia.

Nimekufuata neno kwa neno. Kila sarafu imepata nyumba yake, hakuna nyumba iliyopata mbili. Ulisema wenye mikono misafi tu, kwa hiyo binamu muuza simu nimemruka. Mkono wake mrefu tunaujua sote. Kwa jirani mwenye watoto wale watundu sikupeleka, ulikataza. Mpishi wa shule, rafiki yangu wa siku nyingi, nilimnyima kwa kuwa ulisema jikoni zisikae. Amenuna mpaka leo.

Plastiki nimeziacha zilivyo, nikaona ndizo nguo zao. Ila kinyozi hakuvumilia. Aliichana papo hapo, akaisugua kwa dawa ya meno, sasa imekaa juu ya kioo chake, ukiwa ng'ambo ya barabara inakupiga machoni. Mwoka mikate ameifungia kwenye bati analowekea hati ya kiwanja. Baba mdogo ameikaza kwa mpira ili isimpotee. Shangazi ya kwake iko kwenye pochi pamoja na pipi za kikohozi. Mimi nimebaki na ya korongo, kwani na mimi si nina nyumba? Kisanduku nimekifanya cha vifungo. Uvunguni mwa kitanda chako sasa peupe, nimedeki.

Na unajua walivyosema? Kila mlango niliobisha hodi, mtu aliniuliza, "Amenikumbuka mimi?" Namwambia ndiyo. Baba mdogo aliingia ndani akajifanya anatafuta miwani.

Dada yako anayekupenda.


24 Machi

Mdogo wangu,

Salamu sina, roho iko mkononi. Barua ndefu imefika jana. Nilipofika kwenye kikopo nilicheka, nikarudia kusoma, kicheko kikakatika. Nyumba ni kikopo! Tangu nizaliwe naongea lugha hii, nyumba naijua ina mlango na watu ndani. Nyinyi wakusanyaji mna nini lakini?

Na mikono misafi ni sabuni! Mimi nilikuwa napima tabia za watu mtaa mzima.

Nimekwenda kwa kinyozi nianze kuzirudisha. Nikamkuta na mteja kitini, anamwonyesha, "Hii nimeletewa na jamaa yangu yuko mbali, hajanisahau." Nikaomba maji ya kunywa, nikayanywa, nikaondoka. Kwa shangazi hata sikuingia.

Nisamehe. Ukitaka kunigombeza piga simu, nimekuruhusu.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Natumaini hamjambo. Nisamehe kwa kimya. Simu nilikuwa naiangalia kila siku, lakini sikuwa na la kukuambia ambalo lingetoka vizuri mdomoni.

Sasa nakuambia. Binamu hakukudanganya. Duka linafungwa mwisho wa Juni. Macho ya mzee yamechoka, na wanawe hawataki habari za saa. Rafiki mmoja amenitafutia chumba cha kukodi karibu na kwake, naweza kutengeneza saa kibarazani. Tangu mwaka jana nilikuwa na swali moja la kukuuliza, na kila nikishika kalamu naandika habari za mgongo. Swali ni hili: pangu hapo nyumbani bado papo? Si swali la mtu mzima mwenye mvi, najua.

Barua yako ya Machi kumi na moja ikanikuta na swali hilo kinywani. Kitandani kuna vitambaa. Kisandukuni kuna vifungo. Sarafu zimetolewa, uvunguni pamedekiwa. Nikasema basi, na mimi nimetolewa. Iliniuma, dada. Nilikaa na maumivu hayo wiki nzima, natengeneza saa za watu na kuzikosea.

Ndipo hii nyingine ikafika. Nilipofika kwenye kupima tabia za mtaa mzima nilicheka mpaka mzee akaamka akaniuliza kama naumwa. Nikairudia ile ya kwanza, nikaisoma vizuri safari hii. Nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Watu walikuuliza kama nimewakumbuka, ukawaambia ndiyo. Kumbe sikuwa nimewakumbuka. Nilikuwa nakumbuka kisanduku tu. Hilo linaniaibisha kuliko dawa ya meno.

Kwa hiyo usizirudishe. Aliyeambiwa amekumbukwa utamwambiaje tena kwamba dada alisoma vibaya? Ni zao. Ila zitolewe kwenye plastiki, tafadhali sana, zitolewe kwa maana yangu mimi.

Ya chumba nitaamua mwezi ujao. Usijisumbue kunijibu hilo.

Mdogo wako.


18 Mei

Saa Mbovu,

Nitajisumbua. Lakini ngoja kwanza nikupe habari, maana ukisoma mwisho wa barua hutasoma tena mwanzo wake.

Shangazi mzima, kinyozi mzima, mpishi wa shule bado kanuna. Mpwa wako nilimsomea barua yako ya maelezo, akasema kazi hii ni ya wodini. Akaja na glovu zake za hospitali, zile zisizo na unga ndani, mimi nikabeba taulo na mkasi, tukapita nyumba hadi nyumba siku zake za mapumziko. Anaiita upasuaji. Hataki mtu aongee. Nakata plastiki pembeni, yeye anaifunua polepole, anaitoa sarafu kwa ukingo na kuilaza kwenye karatasi nyeupe. Kila nyumba wanajaa mlangoni kutazama. Tumemkanya kila mtu asipanguse, na kadi tumemwachia kila mmoja kwenye bahasha.

Ya mwoka mikate ilitoka safi kabisa, bati lake ni kavu ajabu. Ya baba mdogo mpira umeipiga mstari mweusi katikati. Alisikitika, nikamwambia utaitazama mwenyewe. Ya shangazi ilikuwa inanukia mnanaa na plastiki imegandana na pipi, hiyo ilitutoa jasho. Shangazi alilitega lile sikio lake moja karibu na mkasi mwanzo mpaka mwisho. Mpwa wako alipoiweka chini, akauliza, "Imepona?"

Ya korongo nimeitoa mwenyewe, peke yangu, mchana mwangaza ukiwa mzuri. Miaka yote nakata vitambaa vya watu huku naongea, siku ile nilifunga mlango kwanza. Nikaishika ukingoni. Lile la kijani lingalipo, sikuligusa. Nikaigeuza sarafu kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza nikaona korongo mmoja ana samaki mdomoni. Nilikucheka bure. Ni nzuri, mdogo wangu. Ni nzuri sana.

Sasa tuje kwenye swali lako, wewe kichwa maji. Vitambaa nimevitoa chumbani. Nimevihamisha, yaani! Neno hili sasa naliogopa. Chumba ni chako, vitambaa ndio walikuwa wageni, na wamerudi sebuleni wanaponisumbua mimi. Godoro limeanikwa. Kinyozi amesogeza kiti kimoja dirishani mwa duka lake, anasema pale mwanga unatosha kwa fundi saa, na kodi utamlipa kwa kumtengenezea saa yake. Baba mdogo anasema sarafu yake hampi mtu ila wewe, uje uichukue kwa mkono wako, naye atakunyima.

Unasema uliona haya kuuliza. Na mimi niliona haya kukuita. Tangu shemeji yako afariki nyumba hii ina vyumba vingi na sauti chache, lakini nilisema nisimwite, ataona dada mjane anatafuta mtu wa kumfungia mlango jioni. Nilidhani una maisha yako huko, umeshazoea. Kila barua nilimaliza nikiwa nimelimeza neno lenyewe. Leo silimezi. Rudi. Pako papo, hapakuwahi kuondoka, na nimechoka kula peke yangu kila mtoto anaporudishwa zamu za usiku.

Dada yako.


9 Juni

Dada yangu,

Salamu kwa nyumba nzima, na kwa nyumba zote zile nyingine.

Barua yako nimeisoma dukani mbele ya mzee, sikujali. Akaniuliza tena kama naumwa, nikamwambia hapana, naitwa nyumbani. Akafungua droo yake akanipa koleo lake dogo la kushikia vipuri, lile ambalo hajawahi kuniazima. Rafiki yangu nimemrudishia ufunguo wa kile chumba kabla sijalala humo.

Nimenunua vikopo, vya kutosha kila mtu, na vichache vya ziada. Ya kinyozi haina tiba tena, lakini kikopo atapata kama wenzake, na usimwambie ameiharibu. Asetoni hawaniruhusu kupanda nayo basi, inashika moto, nitaitafuta huko. Ya baba mdogo tutaiosha pamoja, yeye ashike taa. Mpishi wa shule mwambie ninamletea ya kwake, nimeiagiza mwenyewe, na safari hii nimemkumbuka kweli. Tutapata kabati lisilofikiwa na mvuke wa sufuria.

Nimeuza meza. Viti viwili nimempa jirani. Nimebaki na godoro, sanduku la vifaa na hii kalamu. Nina furaha mpaka nakosea kufunga mizigo, nimeshafunga soksi na mswaki ndani ya mzigo usiofunguka.

Barua hii naipeleka posta sasa hivi. Usinijibu, dada. Yako haitanikuta huku.

Mdogo wako.